Muulizeni golikipa wa akiba

Haya ni maongezi niliyoyatoa Jumamosi mbele ya makocha wa mchangani na walimu wa michezo hapa Tanga. Waliokosa kuja wameniomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyoyasema, na maswali mawili yaliyoulizwa katikati nimeyaacha humo humo.

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu mliokaa pale mbele shikamooni. Nashukuru sana kwa kuja, maana Jumamosi asubuhi kocha wa mchangani ana mambo yake, kuna mwenye mechi saa kumi, kuna mwenye jezi hazijakauka, kuna ambaye straika wake kasafiri jana usiku bila kuaga na mpaka sasa hivi hajui namba tisa atamchezesha nani. Najua, nimeyapitia yote hayo, kwa hiyo nitasema lile moja nililokuja nalo na mengine tutaulizana.

Mada niliyopewa ni namna kocha anavyojenga maono ya pamoja kwenye timu. Wengine wanaita maono, wengine dira, wengine malengo. Mi leo nitaita nia, na sababu yake nitaifikia, ila kwanza niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, sijalisikia kwa mtu.

Miaka ile nilikuwa nafundisha timu ya mpira wa miguu ya wasichana kwenye shule moja ya sekondari. Nilikuwa nimetoka kozi, nina moto kweli kweli. Nikanunua manila, nikachukua maka peni nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa LENGO LETU: UBINGWA WA MKOA, nikaibandika stoo ya michezo pale tunapoweka koni na mipira ili kila anayeingia aione. Kila mazoezi tukimaliza tunashikana mikono katikati, nauliza "Tunakwenda wapi?", wanaitikia "Mkoani!" kwa sauti hadi walimu wanachungulia madirishani. Nilijua hapa nina timu yenye maono. Mtu akiniuliza maono yenu ni nini namwonyesha manila.

Tukaenda mashindano ya wilaya. Mechi ya kwanza sare, ya pili tukafungwa nne, tukatoka. Tunarudi kwenye Kosta, mi nimekaa mbele na dereva nimevimba, nyuma nasikia watoto wanakula mihogo ya kukaanga na kucheka, nikaona hawa hawana uchungu na timu. Nikageuka nikauliza kwa ukali, "Nyie, lengo letu lilikuwa nini?" Kimya. Hata kutafuna waliacha. Halafu binti mmoja siti ya mwisho, golikipa wetu wa akiba, amebana ndoo ya maji katikati ya magoti, na zile glavu tulizoazima bado zimefungwa na mpira wa kiunoni vile vile kama zilivyotoka kabatini, akajibu taratibu, "Lengo lilikuwa lenu, mwalimu. Mimi nilikuwa nabeba maji."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Na mtoto huyo kwa miezi mitatu alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka, hakuwahi kukosa hata siku moja ya mvua.

Njia nzima iliyobaki nikawa nahesabu. Tulikwenda na wasichana 18. Waliogusa mpira kwenye zile mechi mbili ni 12. Sita hawakuingia hata dakika moja, na nikijiuliza kweli kweli niliwahi kumwambia lini hata mmoja wao kwamba wewe kazi yako kwenye hii safari ya mkoani ni hii na hii, jibu hakuna. Sikuwahi. Nilikuwa na maono ya mtu mmoja yaliyobandikwa ukutani, na watu 18 wanayapigia kelele.

Ndo maana leo natumia neno nia. Hapa Tanga hata mtoto wa darasa la pili anajua, Ramadhani usipotia nia yako umeshinda njaa tu, hujafunga. Njaa ni ile ile, kiu ni ile ile, jua la Tanga ni lile lile, kinachotofautisha ni kitu kilichomo ndani ya mtu. Na nia hiyo kila mtu anajinuilia, baba hawezi kukunuilia saumu yako hata akupende vipi. Sasa kocha, jamani, huwezi kuwanuilia watu 18. Unachoweza ni kuwauliza, kuwasikiliza, kuwaonyesha njia, mpaka nia zao zikutane mahali. Wazee wetu walishasema nia zikiwa moja kilicho mbali huja, na mi nadhani wengi tunaisema methali hii tunakimbilia kile kilicho mbali, kombe, tunaruka lile sharti lililowekwa mwanzo, zikiwa moja.

Mnakumbuka Kombe la Dunia Qatar 2022. Kocha wa Moroko Walid Regragui alikabidhiwa timu mwisho wa Agosti, mashindano yanaanza Novemba, hata miezi mitatu haijafika. Na timu aliyoikuta imegawanyika, staa wao Ziyech alishakorofishana na kocha aliyepita na hachezi kabisa, halafu kikosi chenyewe kina wachezaji 26 na 14 kati yao wamezaliwa nje ya Moroko, Uholanzi, Ufaransa, Hispania, Ubelgiji, kuna siku nyingi watu walikuwa wanasemana kwamba hawa wa Ulaya hawana uchungu na nchi kama wa nyumbani. Regragui mwenyewe kazaliwa Ufaransa, kwa hiyo lile neno alikuwa analijua linavyochoma. Sasa neno alilokuwa analirudia kwa wachezaji na kwa mashabiki unajua ni lipi? Niya. Ni lile lile letu, Waarabu wametupa sisi na wenyewe wanalo. Wekeni niya, alikuwa anawaambia, na mashabiki wakalichukua likawa ndo salamu ya mashindano.

Ila neno peke yake lingekuwa manila yangu tu. Tazameni alichofanya nalo. Ziyech akamrudisha. Familia za wachezaji zikapelekwa Qatar, wakina mama wakakaa pale na wanao, ndo mkaona Hakimi baada ya kuwafunga Ubelgiji anakwenda jukwaani kumbusu mama yake, na Boufal anacheza dansi na mama yake uwanjani baada ya kuwatoa Ureno. Watu wengi waliona picha nzuri, wakasambaza, basi. Mi kama kocha niliona kitu kingine. Mchezaji aliyezaliwa Ulaya ukimuuliza Moroko ni nini kwako hatakujibu bendera wala historia, atakujibu mama. Kocha aliijua nia ya kila mmoja ilipolala akaenda kuiamsha pale pale.

Na sasa nifike kwenye golikipa wa akiba, maana ndiye niliyekuja kumsemea. Ile mechi na Ubelgiji, Bounou, kipa wa kwanza, kasimama mstarini, kaimba wimbo wa taifa, kamera zimempita, halafu hajisikii vizuri, anatoka. Dakika chache kabla ya filimbi. Anaingia Munir, kipa wa pili, hajapangwa, na mbele yake kuna timu iliyokuwa ya tatu kombe la dunia lililopita. Wakashinda 2-0, Munir hakufungwa. Mnafikiri ile utulivu aliitoa wapi, ndani ya dakika tano? Hakuna maneno ya dakika tano yanayomfanya mtu awe tayari. Yule alikuwa tayari tangu siku nyingi kwa sababu alikuwa ndani ya jambo, hakuwa anasubiri mtu aumie.

Na robo fainali na Ureno ni hivyo hivyo. Mabeki Mazraoui hayupo, Aguerd hayupo, kepteni Saiss anatolewa kaumia kipindi cha pili. Nafasi ya beki wa kushoto kachukua Attiat-Allah, mtu wa Wydad, ligi ya nyumbani, na krosi iliyomkuta En-Nesyri kule juu akaruka akafunga kwa kichwa ilitoka kwenye mguu wake. Goli hilo moja likaipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu kombe hilo lianze mwaka 1930. Mpaka wanaingia nusu fainali walikuwa wamefungwa goli moja tu, na lenyewe la kujifunga. Waliosugua benchi ndio waliotengeneza historia hiyo pamoja na mastaa.

Kwa hiyo kipimo changu mimi cha maono ya timu ni hiki. Usimuulize kepteni. Kepteni atakujibu vizuri, ndo kazi yake. Nenda kamuulize golikipa wa akiba, au yule mchezaji wa 18 ambaye mwezi mzima hajavaa jezi, muulize sisi tunatafuta nini mwaka huu, na wewe unafanya nini humo. Akijibu sehemu ya kwanza tu, una wimbo. Akijibu zote mbili hapo una timu.

(Hapa mzee mmoja, kocha wa siku nyingi, akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, sasa unataka tuwaulize watoto, kila mmoja atasema lake, timu itakuwa bunge. Sisi enzi zetu kocha anasema mnafuata.")

Mzee wangu nakubali, na swali lako ni la haki kabisa. Niwaambie nilivyofanya mwaka uliofuata halafu mtaona kocha anabaki wapi.

Manila niliibandua. Siku ya kwanza ya mazoezi hatukugusa mpira, tulikaa chini ya mwembe ulioko nyuma ya maabara, nikawachania kila mmoja karatasi ya daftari, nikasema andikeni mnataka nini kwenye hii timu, usiandike jina. Nikaenda mbali kidogo ili wasinione. Nilitegemea karatasi 18 za ubingwa. Ubingwa ziliandikwa nne. Zingine, moja iliandikwa "tusitukanane mtu akikosea". Nyingine "baba aje kuniangalia hata mara moja". Tatu zilikuwa na jambo moja kwa maneno tofauti, wanaogopa kurudi nyumbani giza limeingia, kuna kipande cha njia chenye mkonge pande zote mbili na kuna vijana wanakaa pale. Mi miezi yote ile nilikuwa nawaongezea mazoezi hadi saa kumi na mbili na nusu nikiona ndo uchapakazi, na watoto wanakimbia uwanjani akili iko njiani. Mmoja aliandika "nataka nicheze". Neno mbili tu, nataka nicheze. Mwandiko niliujua.

Sasa mzee wangu hapa ndo kazi ya kocha. Sikuwapigisha kura. Karatasi nililala nazo usiku mmoja, nikazisoma kama unavyosoma mechi, hawa watoto wanalia nini? Nikaona zote zinazungukia jambo moja, kuachwa. Kuachwa peke yako ukikosea, kuachwa njiani, kuachwa benchi, baba anakuacha. Kesho yake nikarudi na sentensi moja, maneno mawili, nikawaambia mwaka huu sisi ni "hakuna kuachwa", na mi kocha ndo nimeamua, asiyeiona karatasi yake humu anifuate. Hakunifuata mtu. Walikuwa wanatazamana tu, kila mmoja anadhani imetoka kwake.

Kwa hiyo kocha bado anasema na watu wanafuata, mzee wangu, ila anasema baada ya kusikia.

Halafu lile neno likashushwa uwanjani, maana likibaki hewani halina tofauti na manila. Tukipoteza mpira, wawili walio karibu zaidi wanakwenda na aliyekosea kuutafuta, hakuna kusimama kumnyooshea mtu mikono. Mbio za kuzunguka uwanja, aliyefika wa kwanza anarudi kumchukua wa mwisho wanamaliza naye. Mazoezi mwisho saa kumi na mbili kasoro, wanaondoka makundi kwa mitaa, na kepteni anahesabu. Maji ya kunywa kubeba ni kwa zamu, kepteni yumo, straika yumo, mi mwenyewe Alhamisi ni yangu.

Hilo la maji mtu anaweza kuliona dogo. Kule Kaptagat karibu na Eldoret, kwenye kambi ya kocha Patrick Sang, yule aliyechukua fedha ya Olimpiki Barcelona 1992 kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, wanariadha wana orodha ya zamu, kufagia, kusafisha vyoo, na Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Olimpiki mara mbili, jina lake lilikuwemo kwenye zamu ya choo kama kijana aliyeingia juzi. Miaka yote pesa na umaarufu vimempita mikononi na zamu hakuacha. Kijana wa miaka 19 akimwona huyo mtu anasugua choo, hahitaji semina ya nidhamu. Halafu tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, Kipchoge anakimbia marathoni kwa saa 1:59:40, kulikuwa na watu 41 wa kumkinga upepo wanapokezana, na kati yao mna mabingwa wa dunia na watu wenye medali za Olimpiki, walikuja kukimbia kwa ajili ya muda wa mtu mwingine. Mwishoni wakampisha mbele amalize peke yake, wao nyuma wanarukaruka kwa furaha kama wamevuka wenyewe. Ukitaka kuona sura ya nia moja itafuteni ile video mwangalie waliokuwa nyuma.

Raga nayo, japo hapa kwetu haichezwi sana. Afrika Kusini chini ya Rassie Erasmus, aliyeichukua timu 2018 na mwaka huo huo Siya Kolisi akawa kepteni wa kwanza mweusi wa timu hiyo kwenye mechi za kimataifa. Yule kocha alifanya jambo kwenye benchi ambalo nalipenda sana. Wale majitu ya mbele yanayoingia kipindi cha pili yakawa na jina lao, Bomb Squad, yaani kikosi cha mabomu, na wapinzani wakaanza kuogopa benchi kuliko walioanza. Fikiria wewe, kila mahali mtu akiwekwa benchi ananuna, pale mtu anaona fahari, kwa sababu kaambiwa kazi yako inaanza dakika ya hamsini na bila wewe mpango haukamiliki. Fainali ya Kombe la Dunia la raga 2019 wakaifunga Uingereza 32-12. Kombe la 2023 robo fainali, nusu fainali na fainali zote walishinda kwa pointi moja moja, 29-28, 16-15, 12-11. Ushindi wa pointi moja unatoka kwa mtu aliyeingia dakika za mwisho miguu mibichi na moyo wake umo ndani.

Sasa kuna kosa lingine, la kuweka nia inayokwisha kabla ya safari. Hili linaniuma kama Mtanzania. Sisi tulicheza Kombe la Mataifa ya Afrika, Afcon, 1980 kule Lagos, halafu miaka 39 hatukuiona tena. Kwa hiyo nchi nzima wimbo ukawa kufuzu, kufuzu, kufuzu. Tarehe 24 Machi 2019 tukaifunga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa, Msuva, Nyoni, Aggrey Morris, mi nililia, na najua humu si peke yangu. Tukaenda Misri tukafungwa mechi zote tatu, Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Siwalaumu vijana hata kidogo, wale walitutoa kwenye aibu ya miaka 39. Ila jiulizeni, sisi sote, mashabiki, redio, vijiweni, ni nani aliyekuwa anazungumza tukifika tunafanya nini? Nia yetu iliishia uwanja wa ndege. Na imani yangu ni kwamba tumeanza kubadilika, Chan, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 tulikuwa hatuongelei kushiriki tena, tulikuwa tunaongelea kuvuka, na tukafika robo fainali, Moroko wakatutoa 1-0 pale Mkapa na watu walitoka wamekasirika. Kukasirika kule kulinifurahisha.

Kocha Claudio Ranieri na Leicester ya Uingereza mwaka wa 2015 alilifanya vizuri hili. Timu ilinusurika kushuka msimu uliotangulia. Akasema lengo pointi 40, tusishuke, basi. Akawaahidi mechi tukimaliza bila kufungwa nawatoa piza. Oktoba wakaifunga Crystal Palace 1-0, akawapeleka, kufika wakakuta unga, wakaambiwa kandeni wenyewe. Pointi 40 walizipata mwanzoni mwa Januari, ligi ndo kwanza iko nusu, na hapo kocha akawasogezea mbele kidogo kidogo, hakuruka. Walimaliza na 81 na ubingwa. Kwa timu zetu hizi mi nasema fuateni njia hii, weka kitu ambacho mtoto anaweza kukiona kwa macho yake wiki ijayo, ukikifikia uwe na kingine tayari.

(Kijana mmoja kocha akauliza: "Mwalimu hayo ya shule sawa. Sisi wa ndondo, mpira wa mtaani, mchezaji wangu kesho anachukuliwa na timu nyingine kwa elfu ishirini na nauli. Na mwenye timu anataka mpwa wake acheze namba kumi. Maono nitayaweka wapi?")

Swali hilo nililijua litakuja, na sina dawa ya siku moja.

La mchezaji kuondoka, ataondoka. Elfu ishirini kwa kijana asiye na kazi ni chakula cha nyumbani, usimwite msaliti. Ila anayekuja kuziba nafasi yake ndiye wa kumwangalia, maana sisi mtu mpya anaingia Jumatano, Jumamosi anacheza, hajaambiwa lolote zaidi ya "wewe cheza namba nane". Kaa naye dakika kumi kabla hajavaa jezi. Na usikae naye wewe, mkalishe na mchezaji wa siku nyingi amwelezee hii timu ikoje. Ukitaka kujua kama nia ipo, sikiliza mchezaji mmoja akimwelezea mwenzake bila wewe kuwepo.

La mwenye timu na mpwa wake ni zito, kwa sababu yeye ndo analipa nauli, marefa na maji. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike kabla ligi haijaanza, nyumbani kwake, kwa heshima, umpe nafasi aseme yeye anatafuta nini kwenye hii timu, maana na yeye ana nia yake na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Wengi ukiwauliza utasikia anataka mtaa wake usifiwe. Hapo unayo pa kuanzia, unamwambia mzee, ili mtaa usifiwe namba kumi lazima awe huyu, na mpwa wako nina kazi yake hii. Kazi ya kweli lakini. Ukimdanganya mtoto benchi lote litajua kabla ya baba yake. Na mwingine atakataa, atakutimua, mi nilishatimuliwa na timu moja ya mtaani kwa jambo hilo hilo na nikarudi nyumbani na filimbi yangu. Inauma. Lakini wachezaji wanaona umesimama wapi, na mchezaji aliyeona hivyo humsahaulishi.

Nimalizie ya wale wasichana, maana naona mnanitazama mnataka kujua kama tulichukua mkoa. Hatukuchukua. Tulivuka wilaya, mkoani tukatoka nusu fainali kwa penalti.

Ila mechi ya wilaya ile ya kuvuka, dakika ya sitini na kitu golikipa wetu wa kwanza aligongana na straika wao, akatoka anachechemea. Tunaongoza moja bila. Yule binti wa akiba akaanza kuvaa glavu, mikono inamtetemeka hadi namba mbili akaja kumfungia ule mkanda wa mkononi. Sikumwambia kitu, nilishindwa, nilimshika bega tu. Akaingia, na mpira wa kwanza uliokuja, shuti jepesi kabisa, ukampita katikati ya miguu. Moja moja.

Mi nilifumba macho. Nilipofumbua, wawili wa karibu yake walishafika golini, kama tulivyofanya mazoezini siku zote, mmoja anautoa mpira wavuni na mwingine kamshika yule binti usoni kwa mikono miwili anamwambia kitu, mpaka leo sijui alimwambia nini na sikuuliza. Wakarudi mstari. Baada ya hapo alipangua mbili, moja ya juu aliirukia sijui ule urefu kautoa wapi, mechi ikaisha sare na sare ilitutosha kuvuka. Na jukwaani pale, kama ukuta wa shule unaita jukwaa, alikuwepo mzee mmoja na baiskeli yake, kaja kamkuta mwanawe kakaa benchi, hakuondoka, alisubiri.

Sasa ndugu zangu, hapa nina vikaratasi. Kila kocha achukue kimoja, kalamu mpokezane. Andika mchezaji wako wa 18 anacheza namba ngapi, anakaa mtaa gani, na unadhani yeye anaitafuta nini kwenye timu yako. Majina msiandike. Usipoweza kujibu la tatu acha wazi, jioni mazoezini kamuulize. Nawapa dakika tano, halafu tunywe chai, nimeona maandazi yameshafika.